Dzaleka ilivyoipoza gia boksi ya Mark X

Asubuhi gari lilikuwa zima kabisa. Ikifika saa saba mchana, kwenye foleni ya malori ya tumbaku pale Kanengo, injini inanguruma na gari halivuti. Gia ya pili inaingia kwa kishindo, na harufu ya kuungua inapenya hadi kwenye viti. Mwenye gari, mkazi wa Lilongwe, alishaambiwa mjini na mafundi wawili kwamba anunue gia boksi nyingine. Akaamua kulipeleka kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, mwendo wa kilomita arobaini na ushee, kwa fundi aliyezaliwa Uvira, Kongo.

Fundi alisikiliza, akalizunguka gari, akasema: "Bwati haiyakufa, papa. Iko na moto tu."

Nilikuwapo, na kazi iliyofuata ndiyo ninayotaka kuichambua, kwa sababu gia boksi nyingi nzima hutupwa kwa kosa la joto.

Mark X hii ya lita 2.5 ina nguvu za farasi 215, gia sita za otomatiki, na husukumwa na magurudumu ya nyuma. Ilishushwa bandarini Dar es Salaam, ikapanda Kitonga, ikavuka mpaka Songwe, ikaupanda mlima wa Chiweta kutoka ziwani, yote hayo kwa oili iliyotoka nayo Japani. Hakuna aliyeigusa, kwa kuwa wauzaji husema oili hiyo ni ya maisha. Maisha ya nani, hawasemi.

Joto la otomatiki huzaliwa hasa ndani ya toki konvata. Humo injini na gia boksi haziungani chuma kwa chuma. Upande mmoja huirusha oili, upande wa pili husukumwa na oili hiyo. Pande hizo zikipishana mwendo, nguvu inayopotea hugeuka joto. Gari likishika kasi, klachi ndogo ya ndani huifunga konvata, mtelezo unakoma na oili inatulia. Kwenye foleni na kwenye mlima wa mwendo wa kobe, klachi hiyo haifungi. Ndiyo maana gari la kasi huumia zaidi linapokwenda polepole.

Fundi hakufungua nati hata moja kabla ya kupima. Alichomeka kisomaji chini ya dashibodi, akakiunganisha na simu, tukaelekea Lilongwe. Barabara ilipokuwa wazi, hadi Lumbadzi, oili ilisoma nyuzi 95. Hilo halitishi. Kanengo ikapanda hadi 124. Mafundi wana kanuni yao: ukishapita nyuzi 80, kila nyuzi 11 zinazoongezeka hupunguza umri wa oili kwa nusu. Piga hesabu mpaka 124, utaona kwamba imebaki kama sehemu moja ya kumi na sita.

Wengi hapo wangekimbilia kufunga kipoza oili kikubwa. Yeye alianza na rejeta, nami naona hapo ndipo kazi ilipofaulu. Mirija ya kupozea oili ya gia boksi hupita ndani ya tangi la chini la rejeta, na rejeta hii ilikuwa imejazwa maji ya bomba kwa muda mrefu. Likatoka tope la kutu. Mirija ilikuwa imevikwa gamba, na gamba hilo lilizuia joto lisitoke. Kuongeza kipoza cha nje juu ya ugonjwa huo ni kuficha homa.

Rejeta ikabadilishwa na kujazwa kulanti. Kisha ikaja oili. Gia boksi hii inataka Toyota WS, nyepesi kuliko Dexron ambayo wengi huimimina kwa sababu ya bei. Oili isiyo yake huifanya ile klachi ya konvata itetemeke na kuteleza, na mtelezo huzaa joto lilelile unalolikimbia. Ukifungua sampu, oili nyingi hubaki ndani ya konvata, kwa hiyo alimwaga, akajaza, gari likatembea siku chache, akamwaga tena.

Kupima kiwango ndiko kunakowashinda wengi. Hakuna kijiti. Unaacha injini ikiunguruma, unafungua nati ya kiwango oili ikiwa kati ya nyuzi 35 na 45, unangoja idondoke taratibu. Ikizidi hutoa povu, ikipungua pampu hufyonza hewa. Fundi aliifanya kazi hiyo alfajiri, kabla jua la Oktoba halijaipasha oili kupita kipimo.

Kipoza cha nje kilikuja mwisho, kidogo, cha mabamba, mbele ya kondensa. Oili hutoka gia boksi, hupita rejeta, kisha kipoza, ndipo hurudi. Wapo wanaoiruka rejeta kabisa. Sikubaliani nao: asubuhi za Juni na Julai huku Dowa ni baridi, na rejeta ndiyo huipasha oili. Alikataa pia kipoza kilichotoka kwenye gari lililokufa gia boksi, maana vumbi la klachi zilizosagika hubaki ndani na haliishi kwa kuoshwa.

Tulirudi Kanengo saa ileile. Oili ilisoma 98.

Wanaodai kwamba otomatiki haiiwezi Afrika wakumbuke Safari Rally ya 1979. Hannu Mikkola alishika nafasi ya pili nyuma ya Shekhar Mehta wa Kenya, akiendesha Mercedes-Benz 450 SLC 5.0 ya otomatiki. Mwaka huohuo akashinda na aina hiyohiyo Cote d'Ivoire.

Nawe dereva, joto likikupanda njiani, simama pembeni, weka P, na usizime injini mara moja: pampu ya oili na feni vinaitegemea. Na gari lako likishushwa Dar es Salaam, kagua rejeta na ubadilishe oili kabla hujaliona bonde la Songwe.