Sifa za Mtafuta Shoti

Kuwasha mashine hakuhitaji fundi. Swichi hata mtoto anaifikia. Fundi wa kweli hutambulika pale anapokataa kuwasha. Analetewa kompyuta ya zamani iliyozima ghafla, mwenye nayo amesimama kibarazani akihimiza, “Fundi, washa basi tuone.” Naye anajibu, “Tukiwasha tutaona moshi, kaka,” huku mkono ukienda kwenye mita. Ustahimilivu huo ndio ninaotaka kuusifu.

Songea imewapa mafundi wa namna hii kazi ya kutosha. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na mlango haukufunguliwa tena mpaka miaka ya 1990. Ndiyo maana mashine nyingi za mezani zilitufikia zikiwa mitumba, zimeshachakaa kwingine. Hapa zikaukuta mji unaotegemea jenereta za dizeli, umeme ukienda na kurudi, hadi laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilipofika mwaka 2018. Ongeza radi za msimu wa mvua na vumbi la kiangazi, utaelewa kwa nini meza ya fundi haikauki.

Chukua bodi ya IBM PC, ile iliyotoka Marekani mwaka 1981. Kukiwa na shoti, pawa saplai hugoma: feni kimya, skrini nyeusi. Umeme wa volti 5 huzifikia karibu chipu zote, na pembeni mwa chipu hizo kuna kapasita ndogo za kuutuliza, kila moja mguu mmoja kwenye volti 5, wa pili kwenye ardhi. Zipo kwa makumi, na zote zimeungwa sambamba. Moja ikipiga shoti, mita inazituhumu zote. Mwenye pupa huanza kung’oa hii na ile, hadi njia za shaba zinabanduka na bodi inaharibika kuliko ilivyoletwa.

Fundi huzipunguza shaka kwa zamu. Huchomoa kadi, akapima. Huitenga pawa saplai na bodi, akapima tena. Huchunguza laini ya volti 5 peke yake, kisha ile ya volti 12, ambako kapasita za tantalumu zinajulikana kwa kufa kwa shoti, pengine kwa mlipuko. Akiishuku pawa saplai, huiunga mfululizo na balbu ya nyuzi ya wati 60: kama kuna shoti, balbu huwaka kwa nguvu zote na madhara yakaishia hapo. Ndani yake haingizi mkono ovyo, maana kapasita kubwa zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.

Shoti ikigundulika imo kwenye bodi, hapo ndipo utamu wa kazi ulipo. Fundi huilisha bodi umeme kiduchu, chini ya nusu volti, na mkondo ameuwekea kikomo cha ampea moja. Kwa kiasi hicho chipu nzima haziamki. Mita huwekwa kwenye milivolti, ncha moja kwenye ardhi, nyingine ikitembea juu ya shaba. Umeme hushuka kama maji ya Ruvuma yanavyoteremka kutoka milima ya Matogoro: namba hupungua kadiri unavyoikaribia shoti, na ukiipita haipungui tena. Kapasita iliyopo pale namba ilipofika chini kabisa ndiyo yenye kesi. Fundi huinua mguu mmoja wa kapasita hiyo, akapima, na bodi nzima inarudi kwenye hali yake.

Uzuri wa kazi hii ni kwamba haina ubishi. Bodi haibembelezwi wala haitishwi; namba aliyoisoma fundi huyu, mwenzake akifuata hatua zilezile ataisoma pia. Na kuna uaminifu ambao mita haiupimi. Kapasita ni ya bei ndogo, na mteja hajui. Angeweza kuambiwa bodi nzima imekufa. Fundi anayemwekea kiganjani kile kipande kilichokufa, akamtoza jasho lake tu, ametengeneza vitu viwili kwa mpigo.

Leo mafundi simu hufanya vivyo hivyo: hufukiza bodi kwa rozini mpaka iwe nyeupe, wakaingiza umeme kidogo, na mahali weupe unapoyeyuka ndipo penye shoti. Kwa hiyo bodi kuukuu zisiuzwe zote kwa kilo kama chuma chakavu. Zigawiwe vyuo vya ufundi, ambako mwanafunzi ataziona njia za shaba kwa macho na kushika vipande kwa vidole. Atakayeimudu bodi ya 1981 hatatishwa na simu ya mwaka huu. Vipande vimepungua ukubwa, lakini umeme haujabadili tabia.