Vipuri vya Mkono kwa Jiko la Mviringo

Mwaka 1952 George Stephen alikuwa akifanya kazi Weber Brothers Metal Works, kiwanda cha Chicago kilichotengeneza, pamoja na vyuma vingine, maboya ya kuelea Ziwa Michigan. Jiko lake la kuchomea nyama lilikuwa wazi, upepo ukilitawala utakavyo. Basi akachukua tufe la boya, akalikata kati: nusu ya chini ikawa bakuli la mkaa, nusu ya juu kifuniko, na chini akaweka miguu mitatu. Umbo hilo limebadilika kidogo sana hadi leo. Ndiyo maana jiko la miaka ya 1970, lililosahaulika nyuma ya nyumba huko Illinois mpaka likaota kutu, bado linaweza kurudishwa kazini, mradi apatikane mtu wa kulitengenezea vipuri ambavyo kiwanda kiliacha kuvitoa zamani.

Ninawapenda watu hao kwa jambo moja hasa. Kazi yao ikitoka vizuri, huioni.

Ngozi ya jiko hilo ni enameli, yaani kioo kilichosagwa, kikanyunyiziwa juu ya chuma, kikayeyushwa tanuruni kwenye joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi. Kinapopoa, chuma husinyaa kuliko kioo, na kioo kinabaki kimebanwa. Kubanwa huko ndiko kunakokipa nguvu ya kuvumilia moto miaka hamsini. Lakini kikigongwa kinabanduka, na hakuna banda la nyumbani lenye tanuru la kukirudisha. Wapo wanaopuliza rangi ya kopo juu ya majeraha hayo. Mimi naona wanaharibu. Fundi mwenye subira anayaacha yaonekane, anasugua kutu, anapaka mafuta ya kupikia na kuyachoma kidogo kama afanyavyo mwenye kikaango cha chuma, kisha anaelekeza nguvu zake kwenye yale yanayokubali mkono.

Hata kusafisha kwenyewe kunataka ujuzi. Magamba meusi yanayoning'inia ndani ya kifuniko hudhaniwa kuwa rangi inayobanduka. Siyo: ni mafuta na moshi vilivyogeuka kaboni, na hutoka kwa kipande cha plastiki na maji ya sabuni. Anayeharakisha humwagia kostiki, ile ya watengeneza sabuni, na enameli huvumilia. Lakini miguu na sahani ya majivu ni alumini, na kostiki huila alumini mpaka inakuwa nyeusi yenye vishimo. Kwa hiyo kila kitu kinafunguliwa kwanza.

Baada ya hapo inakuja kazi ninayoweza kuitazama mchana kutwa: kishikio cha mbao. Cha zamani kimepasuka, kimeungua upande mmoja, na shimo lake limelegea. Mtu wa haraka angekereza kipande kizuri cha mbao, kisha akahangaika kukitoboa katikati kutoka ncha hadi ncha, na keekee ingempotezea njia. Fundi hufanya kinyume. Hutoboa kwanza, gogo likiwa bado la pembe nne, nusu ya urefu kutoka kila upande. Kisha hulifunga kwenye mashine ya kukerezea kwa kutumia shimo lenyewe, na mbao inachongwa kulizunguka. Hata kama shimo lilipinda kidogo, sasa ndilo kitovu. Kipimo cha unene hakitoki kitabuni, hutoka kwenye kile kishikio kilichoungua, upande wake uliosalia mzima.

Huko Marekani wengi huchukua mwaloni au mjozi. Mseremala wa Tabora angeshika mninga bila kufikiri mara mbili, na angekuwa na haki, maana mninga ukishakauka hautanuki wala kusinyaa ovyo. Vanishi haifai karibu na moto. Mafuta ya kitani yanafaa, tabaka jembamba baada ya jingine, kila moja likauke. Na matambara yaliyotumika yaanikwe yakiwa yametandazwa, kwa sababu yakikunjwa pamoja hupata joto yenyewe na huweza kuwaka.

Boliti inapopita, kati ya chuma cha boliti na enameli huwekwa washa laini. Ukikaza chuma juu ya kioo, kioo kinapasuka. Kipande hicho kidogo hakuna mgeni wa karamu atakayekiona.

Kizibo cha hewa ni kazi inayotaka umakini zaidi. Majiko ya zamani yana vizibo vitatu chini ya bakuli, kila kimoja na matundu yake, na kimoja juu ya kifuniko. Ribiti ya zamani inatobolewa taratibu, bila kugusa kioo kinachoizunguka. Kizibo kipya kinachorwa kwa kufuata cha zamani juu ya bamba la alumini, kinakatwa kwa mkasi wa bati, kinalainishwa kwa tupa mpaka kingo hazikwaruzi. Halafu ribiti mpya inagongwa, na hapo ndipo mkono hupimwa: ikilegea, kizibo kinajifunga chenyewe, ikibana mno, hakisogei na mwenye jiko atakilazimisha kwa koleo hadi kipinde. Pigo moja la ziada linatosha kuharibu kazi ya asubuhi nzima.

Wavu hutengenezwa kwa fito za chuma cha pua. Waya uliopakwa zinki ni rahisi kuupata na ni rahisi kuukunja, lakini zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu, na fundi anayeheshimu watakaokula hauweki.

Mtihani wa mwisho ni wa moto. Mkaa ukikolea, kifuniko kinawekwa na vizibo vyote vinafungwa. Kama bakuli halikupinda na kila kizibo kimelala sawasawa, hewa inakatika, mkaa unazimika, na ule usioungua unabaki kwa ajili ya kesho. Kama moto unaendelea kufukuta, kuna mahali hewa inapita, na fundi anavua tena kizibo kimoja kimoja, tupa mkononi.