Dini na Siasa: Kukosoa Usemi Mmoja

Usemi kwamba dini na siasa visichanganywe umezoeleka mno katika mikutano yetu, hata makada wengi wanaudhani kuwa ni sehemu ya itikadi. Sivyo. Oktoba 1970, Mwalimu Nyerere alipozungumza na masista wa Maryknoll huko New York, aliwaambia karibu kinyume chake: Kanisa lisiposhiriki kuipinga mifumo inayowaweka watu katika umaskini, halitakuwa na maana kwa binadamu.

Basi tujiulize. Askofu au sheikh akihimiza ujenzi wa zahanati tunampigia makofi. Akisema haki inapindishwa, tunamwambia amechanganya dini na siasa. Huo si msimamo. Ni kuchagua la kusikia.

Tunalo la kujikosoa. Desemba 1968 Serikali ilipiga marufuku Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, na mwezi huo huo BAKWATA ikaundwa Iringa. Zilikuwapo sababu: viongozi wa jumuiya ile walikuwa wamegawanyika, na mlezi wake alikuwa Aga Khan. Lakini sababu hizo hazifuti swali. Chombo kinachoonekana kuzaliwa kwa baraka za Dola, hata kikisema kweli, wapo waumini watakaokisikiliza kwa shaka. Na shaka hiyo haijaisha kwa zaidi ya miaka hamsini. Dola nayo ilipoteza: ilijikosesha msemaji anayeaminiwa na pande zote.

Ibara ya 19 ya Katiba, iliyoingia pamoja na haki za msingi mwaka 1984, inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Wako ndugu zetu wanaoisoma kana kwamba inawafunga midomo viongozi wa dini. Wameisoma kinyumenyume: mpaka ule unaizuia Dola, hauzuii mimbari. (Anayechochea waumini wa dini moja dhidi ya wengine ana sheria nyingine inayomhusu.)

Mwaka 2018 maaskofu wa Katoliki katika Kwaresima, na wa KKKT wakati wa Pasaka, walitoa nyaraka zilizogusa haki za raia na hali ya siasa. Ikatoka barua ya Msajili wa Vyama kuitaka KKKT iufute waraka wake. Juni waziri mwenye dhamana akasema barua hiyo ni batili. Katika mabishano yote yale, ni wangapi miongoni mwetu walioujibu waraka wenyewe, hoja kwa hoja?