Ubavu Kwanza, Nakshi Baadaye: Mwongozo wa Kuchagua Matairi ya Gari Dogo la Mbio

Mtu wa Merti mwenye gari dogo la mbio hana budi kuzoea kutazamwa kwa huruma. Mji wetu umelala kando ya mto Ewaso Nyiro katika kaunti ya Isiolo, penye jua kali karibu mwaka mzima na miiba ya mgunga isiyobagua baina ya unyayo wa ngamia na mpira wa gari, na kutoka hapa hadi kuifikia lami ya barabara kuu iendayo Moyale pana mwendo mrefu wa changarawe, mawe na makorongo, hata wenye akili zao, hususan wafanyabiashara wa mifugo na watumishi wa serikali, walikwisha kata shauri zamani kwamba chombo kiwafaacho ni Land Cruiser au lori. Walakini mapenzi hayaulizwi hoja, na mimi, kama wachache wengine ambao shughuli zao huwavuta Nairobi kila mwezi, niliipenda Toyota Mark X, gari lenye injini ya silinda sita ya lita mbili na nusu isukumayo magurudumu ya nyuma, ambalo likishika lami ya Archers Post alfajiri, barabara ikiwa tupu, humsahaulisha mwenyewe tabu zote za jana yake. Gari la namna hii linataka matairi yenye tabia mbili zisizopatana: yaing'ang'anie lami mwenyewe anapokata kona kwa kasi, na papo hapo yastahimili jiwe la murramu lililosimama kama ncha ya jembe.

Mnunuzi aingiapo dukani aghalabu huvutwa na uso wa tairi, yaani ile nakshi ya michirizi na meno, nami simlaumu, maana nakshi ya tairi la mbio hupendeza kama mlango wa Lamu. Lakini wasifu wa tairi, na umri wake, na kadiri ya uvumilivu wake, vyote vimeandikwa ubavuni, na ubavu wenyewe ndio unaobeba kazi nzito kuliko watu wanavyodhani. Tangu Michelin walipoandikisha hataza ya tairi la radiali mwaka 1946, nyuzi za mwili wa tairi hupita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na mkanda wa waya za chuma hulala chini ya uso peke yake, hivi kwamba uso hubaki umekaa bapa juu ya barabara huku ubavu ukipinda na kunyooka katika kila mzunguko. Uso una chuma cha kuukinga na msumari, na fundi huweza kuuziba ukitoboka. Ubavu hauna kinga hiyo, na ukichanwa na jiwe hakuna kiraka kitakachoaminiwa na mtu anayejua kazi yake.

Basi tuanze na urefu wa huo ubavu. Mark X ya toleo la pili ilitoka kiwandani ama na matairi ya 215/60R16, ama, kwa lile lililokusudiwa watu wa mbio, na 235/45R18. Tarakimu ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya huo upana, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Piga hesabu uone: ubavu wa lile la kwanza ni milimita 129, na wa lile la pili hauzidi 106, ilhali kipenyo cha tairi zima hakitofautiani hata kwa milimita 5, kwa hiyo kipimamwendo hakidanganyiki na gari halipandi wala halishuki. Kinachobadilika ni kile kitambo cha mpira na upepo kinachotenganisha rimu na jiwe, ambacho kinapungua kwa milimita 23, na katika barabara yetu hiyo ndiyo tofauti baina ya kufika nyumbani kula daku na kulala njiani ukisikiliza fisi.

Sitaki nimdhulumu mtu wa inchi 18. Ubavu mfupi haupindi sana, kwa hiyo usukani hujibu mara moja, na anayeteremka kona za Nithi kuelekea Chuka atauhisi mkono wake umekuwa mwepesi. Ubavu mrefu huchelewa kidogo, kama mtumishi anayeitika kabla hajainuka. Lakini atakayekuambia kwamba gari la mbio halina maana pasipo ubavu mwembamba mkumbushe Joginder Singh, aliyeshinda mbio za Safari Rally kwa Volvo mwaka 1965, akarudia kwa Mitsubishi Lancer mwaka 1974 na 1976, katika zama ambazo matairi ya magari karibu yote yalikuwa na mbavu ndefu na hakuna aliyeona haya. Rai yangu kwa mtu wa Merti ni inchi 16, kwa sharti moja: ajaribu kwanza rimu tupu kwenye gurudumu la mbele, kwa kuwa baadhi ya magari haya yana breki kubwa ambazo rimu ya 16 haiziingii, na heri kujua hilo kabla ya kulipa kuliko baada yake.

Baada ya vipimo huja tarakimu na herufi ambazo wengi huzipita, mathalani 95V. Hiyo 95 maana yake tairi moja laweza kubeba kilo 690, nayo V ni mwendo wa kilomita 240 kwa saa. H ni 210, W ni 270, na Y ni 300. (H imekaa baina ya U na V kinyume cha mpangilio wa alfabeti, nayo imewahadaa wengi wanaodhani iko chini ya S.) Utauliza, na ni swali la haki, mtu wa Isiolo ana haja gani na kilomita 240, ilhali sheria ya Kenya haimruhusu hata nusu yake. Jawabu ni kwamba herufi ile kwa kweli ni shahada ya kustahimili joto: mpira unaopindapinda hujipasha moto wenyewe, na kiwanda hakipewi herufi ya juu mpaka tairi lake limezunguka kwa mwendo huo chini ya mzigo pasipo kuachana nyuzi. Penye lami iliyokwisha pikwa na jua tangu asubuhi, gari limejaa watu wanne na magunia ya mchele, akiba hiyo ya uvumilivu si anasa. Mimi sishuki chini ya H, na nikipata V kwa tofauti ndogo ya bei nachukua V. Yanayouzwa yakiwa na alama za Marekani utaona pia neno linalohusu joto likifuatiwa na A, B au C, chagua A. Ile tarakimu ya uchakavu iliyo karibu nayo, kama 240 au 500, ichukue kwa tahadhari, kwa kuwa kila kiwanda hujipimia chenyewe. Yatosha kujua kwamba ndogo aghalabu ni ya mpira laini unaong'ang'ania na kuisha upesi, na kubwa ni ya mpira mgumu udumuo.

Sasa nije kwenye jambo lililonigharimu. Mwaka 2021 nilinunua matairi manne katika duka moja la Nairobi, meusi yaking'aa kama kanzu iliyotoka kwa dobi, vishungi vidogo vya mpira bado vimesimama usoni mwake, na fundi akayafunga kwa bidii iliyonifurahisha. Baada ya miezi michache moja likaanza kutetema, na kabla sijafika Isiolo uso wake ukabanduka kama ganda la muhogo. Usiku ule nilijilaza chini ya gari na tochi, nikapangusa vumbi upande wa ndani, nikasoma mwisho wa ule mstari unaoanza kwa herufi DOT: 0814. Tarakimu mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi langu jipya lilikuwa limezaliwa wiki ya 8 ya mwaka 2014, likakaa ghalani miaka saba. Mstari huo kamili haulazimiki kuandikwa pande zote mbili, na fundi yule, kwa bahati au kwa ghiliba, aliyageuza yote manne ili tarehe itazame ndani. Tangu siku hiyo sikubali tairi kupanda kwenye rimu kabla sijalizungusha pande zote mbili na kusoma tarehe kwa sauti mbele ya muuzaji. Michelin hushauri kwamba tairi lipitishapo miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na likifika 10 tangu kutengenezwa liondolewe hata kama meno yamesalia. Kwa jua la Merti mimi nimejiwekea 6, na lililozidi miaka 2 dukani silinunui ila kwa punguzo la maana.

Kuna hatari nyingine ambayo watu wa pwani na wa bara wanaishiriki, kwa kuwa magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yametumika. Nchi ile ina majira ya theluji, na baadhi ya magari huteremka Mombasa na matairi ya baridi. Ni mazuri kuyatazama, mara nyingi meno yake ni marefu kuliko ya tairi la kawaida, na bei yake humlainisha mnunuzi. Lakini mpira wake umechanganywa ili ubaki laini kwenye barafu, na juu ya lami ya moto hulegea na kuisha kama sabuni, huku gari likiyumba katika kona. Utayatambua kwa neno STUDLESS ubavuni, au alama ya mlima wenye chembe ya theluji, au kwa kutazama jino moja moja: likiwa limechanjwa mistari myembamba mingi, iliyopindapinda kama mawimbi, liache hapo hapo.

Tairi likiisha kupita mtihani wa maandishi, ndipo lipewe mkono. Pinda jino kwa kidole gumba ukatazame shinani, ndani ya mfereji, ambako nyufa huanza mapema kuliko zinavyoonekana juu. Pitisha kiganja ubavuni polepole ukitafuta uvimbe au bonde, ukikumbuka kwamba bonde dogo moja huweza kuwa kiungo cha nyuzi tu, lakini uvimbe ni nyuzi zilizokatika na hauna msamaha. Nakshi nayo ina hukumu yake. Ile yenye umbo la mshale hufukuza maji vizuri, lakini huzunguka upande mmoja tu, kwa hiyo spea yako itafaa magurudumu ya kulia au ya kushoto, si yote. Kwa safari ya kwetu chagua ile ambayo upande wa nje umeandikwa OUTSIDE, au ile iliyo sawa pande zote. Ile spea nyembamba isiyoruhusiwa kupita kilomita 80 kwa saa iache Nairobi. Kwenye murramu ya Merti ni kitu cha kuchekesha, nawe beba tairi kamili.

Ukiwa na fedha za mawili tu, mapya yafungwe nyuma, hata kama gari lingekuwa la kuvuta kwa mbele, kwa sababu nyuma ikiteleza kwenye lami iliyolowa gari huzunguka kabla dereva hajasema bismillahi. Upepo upimwe alfajiri, gari halijatembea na jua halijachomoza, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, si kile kikubwa kilichochongwa ubavuni ambacho ni ukomo wa tairi wala si haja ya gari. Wenye Land Cruiser hupunguza upepo waingiapo mchangani. Mwenye ubavu wa 45 asithubutu, rimu yake iko karibu mno na jiwe.

Matairi yangu ya sasa ni 215/60R16 95V, tarehe yake niliisoma mwenyewe. Miiba imeyatoboa mara tatu, zote usoni, na fundi wa pancha wa hapa ameyaziba kwa dakika chache akisaidiwa na maji ya sabuni na mate. Lile lililobanduka nililipeleka kwa mshona akala, akaligeuza, akaona waya za chuma zimechomoza chini ya uso, akaukataa huo uso. Mbavu tu ndizo alizozikata. Zile rimu za 18 zimo stoo, zimefunikwa gunia, na yeyote anayezitaka na aje na pesa taslimu.