Maji ya Chatsworth hayana pampu

Mgeni anayefika Chatsworth, kasri la ukoo wa Duke wa Devonshire huko Derbyshire, Uingereza, husimama ukingoni mwa bwawa refu la kusini, akaipiga picha nguzo ya maji inayoruka humo, kisha huyo, anatafuta chai. Mtambo wenyewe hajauona. Uko mashariki, juu ya kilima, nyuma ya msitu, na anayetaka kuielewa bustani hii ni heri aanze kupanda huko.

Mwaka 1843 zilifika habari kwamba huenda Tsar Nicholas I wa Urusi angezuru mwaka uliofuata. Duke wa sita akataka mrusho wa maji usio na mfano duniani, akamkabidhi kazi Joseph Paxton, mkuu wa bustani zake, ambaye baadaye alisanifu Crystal Palace ya London ya mwaka 1851. Kwa ajili ya Versailles, kasri lake huko Ufaransa, mfalme Louis XIV alijengewa magurudumu 14 makubwa ya kupandisha maji ya mto Seine, na bado hayakutosha kurusha chemchemi zote kwa pamoja. Paxton hakutaka kupandisha maji. Aliyakusanya kule kule juu: ziwa la ekari 8 likachimbwa nyikani, mita 110 hivi juu ya kasri. Kazi ilikwisha kwa miezi 6, usiku watu wakichimba kwa mwanga wa mienge.

Kanuni ni ya tangi la mnarani: likikaa juu zaidi, bomba la chini hutoa maji kwa nguvu zaidi. Kimo cha mita 110 huleta presha inayokaribia mara 11 ya presha ya hewa. Pasingekuwa na msuguano, maji yangepanda hadi usawa wa ziwa. Rekodi ni mita 90. Kwangu mimi ufundi umo katika uchache wa mita 20 zilizoliwa njiani na kuta za bomba linaloshuka kutoka ziwani, na angani na hewa. Ndani ya bomba pana maji hutembea polepole, hayasuguani sana na kuta, hivyo nguvu karibu yote hufika kwenye mdomo. Hapo njia hubanwa, na maji hutoka kwa kasi inayozidi mita 40 kwa sekunde, yaani kama kilomita 150 kwa saa.

Vali, yaani mlango wa kufungua na kufunga maji, nayo haitaki pupa. Maji yaliyomo katika bomba refu ni tani nyingi zilizo mwendoni. Ukizizuia ghafla, presha hupanda mno na bomba laweza kupasuka.

Tsar hakuja, ingawa mrusho ulipewa jina la Emperor kwa heshima yake. Nguvu ya maji haikukosa kazi: kuanzia 1893 hadi 1936 ilizungusha mitambo ya umeme wa kasri, na mwaka 1988 ikafungwa turbini mpya.