Herufi Moja, Mashahidi Wawili

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Katika methali hiyo, fumbo hutumika kumficha mtu jambo: wapo wanaotakiwa kuelewa na wapo wanaotakiwa kubaki gizani. Fumbo la maneno la gazetini ni la namna nyingine kabisa. Mtunzi wake hana wa kumficha. Analipanga akitaka lifumbuliwe, tena na mtu asiyemfahamu, ndani ya daladala, kwenye foleni ya benki au mezani baada ya chakula cha mchana. Wasomaji wote wakilishindwa, na yeye ameshindwa.

Ufundi huo nauheshimu sana, wa anayetunga na wa anayefumbua, na naamini kwetu haujapata nafasi unayostahili. Tumeuita chemshabongo, tukauweka pembeni karibu na katuni na utabiri wa nyota, tukauhesabu kuwa kitu cha kupotezea muda. Mimi nasema ni mizani ya kutuonyesha kama kweli tunaijua lugha tunayoisema kutwa nzima.

Nguvu yote ya fumbo hili iko kwenye makutano. Neno la mlalo likikutana na neno la wima, yanachangia herufi moja, na herufi hiyo haina budi kuyaridhisha yote mawili. Tuchukue mfano. Mlalo, herufi nne: "Ya kuchotea maji, tena ya diwani." La kwanza kukujia ni NDOO. Herufi ni nne, maji yanachotwa, penseli inakimbia. Lakini nusu ya pili ya kidokezo inagoma: diwani ana ndoo gani? Unahamia kwenye neno la wima linalopita katika ile herufi ya nne. Lina herufi tatu: "Nyumbani ni juu, porini ni mawindo." Kama NDOO ni sahihi, herufi ya katikati ya neno hili ni O. Unajaribu POA, unajaribu TOA, unajaribu GOA, na hakuna hata moja linalokaa juu ya nyumba wala linalowindwa. Unaifuta O. Unaweka A, na PAA linajitokeza lenyewe: paa la nyumba na paa wa porini. Kisha unarudi kwenye mlalo ukiwa na A mwishoni. Chombo cha kuchotea maji mtungini, na eneo ambalo diwani huliwakilisha: KATA.

Tazama kilichotokea hapo. Hakuna aliyekuambia umekosea. Gazeti lenyewe litatoa majibu kesho. Uliyemkosea ni neno jirani, na ni yeye aliyekusahihisha. Kila herufi ya makutano ina mashahidi wawili, na mashahidi wakipingana, hapana jibu la kulazimisha. Elimu ya mtu, cheo chake na sauti yake kubwa havisaidii kitu. Wakati huohuo, usichokijua unakifikia kwa njia ya unachokijua: mtu asiyewahi kuona kata ya kuchotea maji anaweza kulipata neno hilo kwa kuwa anamjua diwani wake na anamjua paa. Kosa linagunduliwa na ujinga unasaidiwa, yote katika mraba mmoja mdogo.

Mchezo huu una tarehe ya kuzaliwa. Tarehe 21 Desemba 1913, gazeti la New York World lilichapa fumbo lililotungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani na kuajiriwa kusimamia ukurasa wa burudani. Lilikuwa na umbo la almasi lenye uwazi katikati, nalo likaitwa Word-Cross. Baada ya majuma machache jina likageuka na kuwa Cross-Word, na hilo ndilo lililodumu. Mwaka 1924 kampuni changa ya Simon & Schuster ilitoa mkusanyiko wa mafumbo kama kitabu chake cha kwanza, kikiuzwa pamoja na penseli, na Marekani ikashikwa na homa ya kujaza miraba. The New York Times, ambalo mwaka huohuo liliibeza homa hiyo kuwa ni upotevu wa muda, lilianza kuchapa fumbo lake Februari 1942, miezi michache baada ya nchi hiyo kuingia vitani. Mhariri aliyekabidhiwa kazi hiyo alikuwa Margaret Farrar, mmoja wa waliokihariri kile kitabu cha 1924, na aliishika hadi 1969.

Farrar ndiye aliyeupa mchezo nidhamu. Alitaka mpangilio wa miraba myeusi ubaki uleule hata ukiligeuza gazeti juu chini. Alikataa maneno ya herufi mbili. Alitaka kila herufi iwe kwenye neno la mlalo na neno la wima, yaani pasiwe na mraba usio na mashahidi wawili. Mtu wa nje ataziona kanuni hizi kuwa ni usumbufu wa bure. Aliyewahi kushika penseli anajua kwamba bila hizo msomaji angekuwa anabahatisha.

Huko Uingereza, nidhamu iliingia kwenye vidokezo. D. S. Macnutt, mwalimu wa lugha za kale, alitunga mafumbo ya gazeti la The Observer kuanzia 1939 hadi alipofariki 1971, akitumia lakabu ya Ximenes. Kanuni alizozieleza katika kitabu chake cha 1966 hufupishwa hivi: kidokezo cha haki kinatoa maana sahihi ya jibu, kinatoa njia ya pili ya kulifikia, na hakiongezi kitu kingine chochote. Mtunzi anaruhusiwa kukupoteza, lakini haruhusiwi kukudanganya. Ukishalipata jibu, ukikisoma tena kidokezo chake, kila neno lionekane limefanya kazi.

Kanuni hiyo ikifika kwenye Kiswahili inakutana na mlinzi mkali, nao ni upatanisho wa kisarufi. Paa la nyumba linavuja. Paa wa porini anakimbia. Mtunzi akiandika "linavuja" au "anakimbia", ameshafichua nusu ya siri, kwa maana ngeli imejitaja. Ndiyo sababu kidokezo cha PAA kimeandikwa kwa "ni", ambayo haibagui ngeli. Njia nyingine ni kiambishi hu- cha mazoea. Herufi tano: "Huchinjwa kwa ajili ya Idi, hukaliwa kwa ajili ya nazi." Jibu ni MBUZI, na hakuna mahali palipoonyesha kama tunamsema mnyama au kifaa cha jikoni. Lugha yenye kaa wa baharini na kaa la moto, tembo wa mbugani na tembo la mnazi, chungu cha kupikia na chungu wanaotambaa ukutani, ina hazina ambayo mtunzi wa lugha nyingine angeitamani. Lakini hazina hiyo inamtaka mtunzi anayeijua sarufi mpaka kwenye viambishi, ajue lini kiambishi kinasema na lini kinanyamaza.

Kupanga miraba yenyewe ni kazi nyingine tena. Kiswahili hakikubali mtindo wa Marekani, ule wa Farrar wa kila herufi kuwa na mashahidi wawili. Fikiria wavu wa miraba minne kwa minne usio na mraba mweusi. Maneno manne yanashuka wima na yote yanaishia kwenye mstari wa chini. Kwa kuwa karibu maneno yetu yote huishia na irabu, mstari huo wa chini utakuwa irabu nne mfululizo, na ukingo wa kulia vivyo hivyo. Neno gani la Kiswahili litakaa hapo? Mtindo wa Uingereza, ambao huruka mraba mmoja kati ya makutano na makutano, unatufaa zaidi. KATA ikiwekwa kwenye mstari wa chini, maneno ya wima yataishia kwenye mraba wa pili na wa nne, penye A na A, na konsonanti zitabaki huru.

Hapo pia pana mtego. Irabu zetu ni tano tu. Mtunzi akiweka makutano yote kwenye irabu, mashahidi wake watakuwa dhaifu: kujua kwamba herufi ya pili ni A kunakusaidia kidogo, kujua kwamba ya kwanza ni K kunakusaidia sana. Fundi mzuri kwa hiyo huchanganya. Hutafuta maneno yenye mb, nd na ng', yanayovunja mpishano wa konsonanti na irabu, ili makutano mengine yaangukie kwenye konsonanti. Wajapani hujaza herufi zao za kana, ambazo nyingi husimamia silabi nzima, moja katika kila mraba. Nasi tunaweza kujaribu silabi moja kwa kila mraba, KA na TA, MBU na ZI, tuone wavu utakuwaje. Sitarajii jaribio la kwanza lifanikiwe, lakini linastahili kufanywa na watu wanaoipenda kazi hii.

Jinsi ufundi huu unavyoweza kwenda mbali alituonyesha John Graham, kasisi wa Kianglikana aliyetunga mafumbo ya The Guardian kwa zaidi ya miaka 50. Wasomaji walimjua kwa lakabu ya Araucaria. Januari 2013, akiwa na umri wa miaka 91, alitoa fumbo lililotanguliwa na maelezo mafupi yaliyompeleka msomaji kwenye namba fulani za mlalo na wima. Waliozijaza namba hizo wakagundua, herufi baada ya herufi, kwamba mtunzi wao ana saratani ya umio na kwamba tiba anayopata ni tiba shufaa. Alifariki Novemba mwaka huohuo.

Wapo watakaoshangaa mtu kutangaza ugonjwa wake ndani ya mchezo. Mimi siioni ajabu. Wasomaji wale walikuwa wamezungumza naye kila juma kwa miaka mingi pasipo kuonana. Walijua anapenda nini, anacheka nini, anakataa nini. Aliwaambia kwa lugha ambayo yeye na wao waliijenga pamoja, na akawapa nafasi ya kuifikia habari hiyo kwa mwendo wao wenyewe. Fumbo lililotungwa kwa haki kila siku hujenga uaminifu wa kiasi hicho.

Uaminifu huo una upande wa mfumbuzi pia. Jibu linapatikana upesi kwa simu siku hizi, na anayelitafuta huko amejinyima kitu kitamu. Kaa nalo kwanza. Jaza unayoyajua, ruka yanayokushinda, rudi baada ya saa moja. Akili huendelea kulichambua neno hata ukiwa unafua au unapanga bidhaa dukani. Ukikwama kabisa, muulize aliye karibu. Fumbo likiwekwa kwenye kijiwe cha kahawa, mvuvi anajibu majina ya samaki, fundi cherehani anajibu vitambaa, mwalimu mstaafu anajibu nahau, na kijana anajibu wachezaji mpira. Hakuna anayeyajua yote, na fumbo zuri limetungwa hivyo makusudi. Mkibishana, ifungueni Kamusi ya Kiswahili Sanifu, na msishangae mkitoka na maneno matatu mapya ambayo hayakuulizwa.

Magazeti ya Kiswahili yanajua kuheshimu ufundi wa maneno. Mambo Leo, lililoanza kuchapwa Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa washairi nafasi, na hadi leo kurasa za mashairi huchapa jina la mshairi, lakabu yake na mji anakotoka. Humo malenga walifumbiana mafumbo kwa beti, na wengine wakajibu kwa bahari na vina vilevile. Desturi ya kumtega msomaji na kungoja jibu lake gazetini tunayo. Lakini mafumbo ya maneno mengi tunayokutana nayo hayana jina la aliyeyatunga, na vidokezo vingi ni tafsiri kavu ya maana moja: mji mkuu wa nchi fulani, kinyume cha neno fulani. Pasipo jina hakuna wa kuwajibika kwa kidokezo kibovu, wala wa kupongezwa kwa kidokezo kilichokolea.

Kwa hiyo natoa rai. Wahariri, mtafuteni mtunzi anayeijua lugha, mlipeni kama mnavyomlipa mwandishi mwingine, na jina lake au lakabu yake liwe juu ya fumbo kila siku. Walimu, msiishie kuwapa wanafunzi miraba ya kujaza. Wapeni miraba mitupu watunge wenyewe, kwa kuwa mwanafunzi aliyetafuta kidokezo cha haki cha neno MBUZI ameshajifunza ngeli vizuri zaidi kuliko aliyekariri jedwali lake. Nawe msomaji, ukikuta kidokezo kilichokosewa, mwandikie mtunzi umwambie, na ukikuta kilichokufurahisha, mwandikie pia.