Ukuta wa Courtois ulimpisha Rice

Mtaniambia Declan Rice aliupinda mpira wa faulo. Naam, aliupinda, na usiku ule wa 8 Aprili 2025 hata wasioipenda Arsenal walisimama kwenye vibanda umiza. Lakini bao la kwanza, la dakika ya 58, kipa Thibaut Courtois alikuwa ameshaliruhusu kabla Rice hajaugusa mpira.

Rudieni picha muutazame ukuta. Ukuta unaziba upande mmoja wa lango, kipa anabaki na mwingine. Hilo analijua hata kipa wa mchangani. Ila mpigaji akiwa mpindaji, mtu wa mwisho husimama nje kidogo ya mstari unaotoka kwenye mpira kwenda kwenye nguzo, kwa sababu mpira wa kupinda hutoka kwanza ndipo urudi. Courtois aliupanga wake kama vile mpira utanyooka. Nje palipungua mtu mmoja, na mlango huohuo ndio Rice aliopitia. Kipa akaruka na urefu wake wote wa meta mbili, wapi! Labda alijua kwamba Rice hakuwa amewahi kufunga faulo ya moja kwa moja, akamdharau.

Bao la pili, dakika ya 70, liliingia pembe ya juu. Hapo mwacheni kipa wa watu. Merino akafunga la tatu.

Na watangazaji wetu, nimesema mpaka nimechoka: si kila faulo ni ndizi! Ndizi hupinda pembeni. Mpira unaopanda juu ya ukuta kisha ukadondoka ghafla ni kitu kingine; Wabrazil waliuita jani kavu tangu enzi za Didi, bingwa wa dunia 1958 na 1962. Ukiita yote ndizi, hutaona kipa kakosea wapi.

Roberto Carlos alikuwa jukwaani Emirates usiku ule. Ndizi yake ya Lyon, 3 Juni 1997, aliipiga kwa nje ya mguu wa kushoto, kama meta 35 kutoka golini. Muokota mipira aliinama akidhani mpira unamjia yeye. Ukarudi, ukagonga nguzo, ukaingia. Kipa Barthez hakutikisika, na sijawahi kumlaumu, maana mpira ule hauna ukuta wa kuuzuia.

Ule wa Rice ulikuwa nao. Ulihitaji bega la mtu mmoja tu, na Courtois hakumweka.